Fundi Baiskeli na Wanafunzi Waliomsemea

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo, mwache kidole hapo tulipoishia. Tutarudi. Kwanza nataka niwape habari ya binti mmoja na fundi wake wa baiskeli.

Binti huyu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili kwenye chuo cha ualimu, katika mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mpunga. Tumwite Sekela. Kwao Rungwe jina hilo ni kumwambia mtu afurahi, na huyu binti alikuwa mtu wa furaha kweli. Darasani alikuwa wa kwanza kucheka, na palipotakiwa mtu wa kufanya kazi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Watu wa namna hiyo mnawajua. Ukimpa habari ya kusikitisha asubuhi, jioni utakuta ameshaunda kamati.

Siku moja mnyororo wa baiskeli yake ukakatika. Akaikokota mpaka kwa fundi aliyekuwa kando ya barabara ya sokoni. Kumbe fundi mwenyewe ni mwanamke, ana mtoto mgongoni, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Sekela akamsalimia, "Habari za kazi, dada." Kimya. Akarudia kwa sauti zaidi. Kimya. Ile hasira ya mtu aliyedharauliwa ikaanza kumpanda. Ndipo yule mama akainua uso, akamwona, akatabasamu, akagusa sikio lake na kupunga kiganja: sisikii.

Sekela akaona aibu, lakini fundi hakuwa na muda wa aibu za watu. Aliipindua baiskeli, akazungusha pedali kwa mkono mmoja na kuweka kiganja cha mkono wa pili kwenye chuma, kama mganga anayempima mgonjwa. Akatikisa kichwa. Mnyororo peke yake haukuwa tatizo, gololi za katikati nazo zilikuwa zimekwisha. Mafundi wengine huzijua gololi mbovu kwa kusikiliza. Huyu alizijua kwa kiganja.

Jina lake Mwasiti. Alikuwa amesoma shule ya viziwi hadi darasa la saba, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wanachuo wengi. Kwa hiyo wakaanza kuzungumza kwa penseli na vipande vya maboksi ya tyubu. Sekela akawa anapitia pale hata kama baiskeli ni nzima. Kila siku Mwasiti akamfundisha alama moja au mbili za mikono: maji, mtoto, kesho, asante, nisaidie. Baada ya miezi miwili Sekela alikuwa na alama kama arobaini, na zote alizifanya vibaya. Siku moja Mwasiti alimcheka mpaka machozi, na Sekela naye akacheka, kwa sababu siku hiyo alitaka kusema ana njaa, kumbe amesema ameolewa.

Siku nyingine Mwasiti akaandika jambo ambalo halikuwa la kuchekesha. Mwaka uliopita mtoto wake aliamka na homa. Akambeba mpaka kituo cha afya, akaweka daftari la matibabu dirishani kama wengine, akakaa kwenye benchi. Muuguzi alikuwa anaita majina kwa mdomo. Mwasiti akakaa. Walioingia baada yake wakaitwa, wakatibiwa, wakaondoka. Akaenda dirishani mara mbili kuonyesha mtoto, na mara zote mbili akaonyeshwa kwa kidole arudi kukaa. Saa saba mchana benchi lilikuwa tupu, na mtoto akakakamaa mikononi mwake. Degedege. Ndipo watu wakamkimbilia. Wakamtibu mtoto, akapona. Na muuguzi akawa anarudia neno lile lile ambalo Mwasiti alilisoma midomoni mwake: "Mbona hukuitika? Mbona hukuitika?"

Aliandika yote haya huku akikaza spoku. Hakulia. Alipomaliza akageuza boksi upande wa pili, akaandika: *Lete gurudumu la mbele, limepinda.*

Sasa ndugu zangu, mngekuwa ninyi mngefanya nini?

Sekela alirudi chuoni akiwa anawaka moto. Hakula chakula cha mchana. Alisimama juu ya kiti bwaloni akawasimulia wenzake, na kabla sahani hazijaoshwa watu thelathini walikuwa wameandika majina. Vijana wetu tunawalaumu kwa mengi, lakini hapa nawapa heshima yao: walikuwa na mitihani mbele, na hakuna aliyewalazimisha. Wakaunda kikundi, wakakipa jina, Sauti ya Wasio na Sauti. Wakashona na fulana za kijani zenye maneno hayo mgongoni. Jina zuri, au siyo? Ninaona mnaitikia kwa vichwa. Hata mimi ningeitikia.

Wakaenda kumwona mganga mfawidhi wa kile kituo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wagonjwa wengi na wasaidizi wachache. Aliwapokea, akawapa viti.

"Shikamoo daktari," Sekela akasema. "Tunaomba mambo mawili tu. Wagonjwa wapewe namba, na namba ziandikwe ubaoni badala ya kuitwa majina kwa mdomo. Na muuguzi mmoja ajifunze lugha ya alama. Tutamfundisha sisi."

"Marahaba, binti. Huyo mama wa degedege namkumbuka, na iliniuma," akasema mganga. "Lakini mimi nina miaka sita hapa. Viziwi niliowaona hawafiki watano. Nibadilishe utaratibu wa kituo kizima kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Wapo wengi, daktari."

"Basi nionyesheni. Nikiwaona kwa macho yangu, tutazungumza."

Wakakubaliana: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uwanja wa soko, saa nne asubuhi. Mganga mwenyewe atakuja.

Hapo ndipo maandalizi yakaanza, na mnajua sisi Waswahili tukiambiwa maandalizi. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja anaitwa Gervas, mwenye sauti nzito na mapenzi makubwa na maiki. Akaahidi spika nne, zile ndefu kama kabati. Kwaya ya chuo ikaanza mazoezi. Wengine wakatunga ngonjera. Sekela akaandika hotuba ya kurasa sita, akaisoma mbele ya kioo mpaka akaikariri. Wakafanya vikao tisa. Katika vikao vyote tisa, Mwasiti hakuwepo hata kimoja. Hakuna aliyemkataza. Ni kwamba hakuna aliyekumbuka kumwita.

Kazi yake yeye ilikuwa moja: kuwaleta viziwi wenzake. Akaifanya. Wiki tatu alikanyaga pedali vijiji vyote vya bonde lile, mtoto mgongoni, akijua nyumba gani ina kiziwi na ni njia ipi imejaa maji. Aliporudi akamwandikia Sekela swali: *Siku yenyewe mimi nitafanya nini?*

Sekela akaandika kwa upendo wote: *Utakaa mbele kabisa. Sisi tutakusemea.*

Mwasiti akakisoma kile kipande cha boksi. Akakisoma tena. Kisha akakiweka chini ya jiwe, akarudi kwenye gurudumu lake.

Jumamosi ikafika. Sekela alikuwa amejiandaa kupokea viziwi kumi, kumi na watano wakijitahidi. Wakaja arobaini na watatu. Walikuja kwa baiskeli na kwa miguu, wengine wamepakiana watatu watatu. Wakulima wa mpunga, akina mama na watoto wao, fundi cherehani na mkewe, mzee mmoja mwenye kofia ya ukindu aliyetembea tangu alfajiri. Na walivyofurahi! Kulikuwa na watu waliosoma pamoja utotoni na hawakuwa wameonana kwa miaka ishirini. Mikono ikawa inaruka hewani, watu wanashikana mabega, wanacheka, wanaulizana habari za watoto. Wenye maduka wakatoka nje kuwatazama. Soko zima likajaa.

Gervas akawakalisha mstari wa mbele, akaziweka spika zote nne mbele yao, akafungulia muziki. Watu wenye masikio wakarudi nyuma hatua kumi. Viziwi wakabaki pale pale wakiendelea na mazungumzo yao. Mzee wa kofia akagundua kuwa spika inatetemeka, akaigeuzia mgongo, akaiegemea vizuri, akafumba macho kama mtu anayekandwa.

Mganga mfawidhi akafika, akapewa kiti. Muuguzi wa dirishani naye alikuwa kwenye umati, kapu la sokoni mkononi. Kwaya ikaimba nyimbo tatu. Ngonjera ikasomwa. Kisha Sekela akapanda mezani, mkono mmoja maiki, mkono mwingine kurasa sita. Mpango ulikuwa kwamba yeye ndiye atakayetafsiri kwa alama, kwa kuwa ndiye pekee aliyezijua. Lakini ataongea kwa alama kwa mkono upi, wakati mikono yote miwili imejaa?

Akaanza kusoma. "Ndugu mgeni rasmi, leo tumekuja kuwa sauti ya wasio na sauti..."

Umeme ukakatika.

Maiki ikafa. Gervas akakimbilia nyaya, akachomoa, akachomeka, wapi. Sekela akajaribu kupaza sauti. Lakini nyuma ya soko kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga inayotumia dizeli, ambayo haikujali umeme umekatika au la, na sasa muziki ulipokoma ikasikika inanguruma kama lori linalopanda mlima. Sekela akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Watu wa nyuma wakaweka mikono masikioni, "Anasemaje?" Wengine wakaanza kuondoka. Mganga akatazama saa yake. Akasimama, akajifuta vumbi suruali.

Sekela aliona kazi ya wiki zote zile inaondoka na yule mtu. Akatazama chini, mstari wa mbele, ili asitazame umati.

Na pale chini, ndugu zangu, hakuna kilichokuwa kimeharibika. Wale arobaini na watatu hawakujua hata kama umeme umekatika. Fundi cherehani alikuwa anamsimulia jambo mtu aliyeko upande wa pili wa uwanja, hatua thelathini, na yule mtu anacheka. Mashine inanguruma, na wao wanaelewana. Katika uwanja ule wote, watu pekee waliokuwa wamekwama ni wale wenye masikio.

Sekela akaiweka maiki mezani. Kurasa sita akazikunja, akazitia mfukoni. Akashuka, akamwendea Mwasiti, akafanya ile alama moja ambayo alikuwa amejifunza vizuri kidogo: nisaidie.

Mwasiti akamtazama. Nadhani alimtazama kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu mtu aliyeambiwa akae hasimami haraka. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akampa Sekela ambebe, akapanda mezani.

Hakuhitaji maiki. Alipandisha kiti mezani, akakikalia, akawa mgonjwa kwenye benchi. Akashika paji la uso la mtoto ambaye hayupo, akaondoa mkono haraka, na uwanja mzima ukajua mtoto ana homa. Kisha akasimama akawa muuguzi. Alivaa miwani ambayo haikuwepo, akafungua daftari, akabetua midomo, akaita, akatazama huku na huku, akapiga meza: mwingine. Watu wakaangua kicheko, maana walimtambua papo hapo, na muuguzi mwenyewe kule kwenye umati alikuwa anacheka akijifunika na kapu. Mwasiti akarudi benchini. Akawaonyesha watu wanavyoingia, mmoja mmoja. Akaenda dirishani, akaonyeshwa kidole. Akaenda tena, kidole. Vicheko vikapungua. Akakaa. Benchi likawa tupu. Kisha mikono yake, ile iliyokuwa imebeba mtoto ambaye hayupo, ikakakamaa na kuanza kutetemeka.

Wauza nyanya wakasimama. Waliokuwa wameanza kuondoka wakarudi. Yule muuguzi aliweka kapu chini na hakuwa anacheka tena.

Alipomaliza, mzee wa kofia naye akapanda bila kuitwa. Akaonyesha jino linamwuma, shavu limevimba. Akaonyesha daktari anamwuliza maneno, na yeye anaitikia kwa kichwa kila kitu kwa adabu. Akaonyesha anapewa dawa. Akaonyesha anatoka mbio kwenda chooni, usiku na mchana, siku mbili, jino bado linamwuma. Alikuwa amepewa dawa ya minyoo. Uwanja ulicheka mpaka watu wakashikiliana, na mzee mwenyewe alicheka kuliko wote. Wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine. Watu waliwaelewa wote.

Mganga mfawidhi alikuwa bado amesimama, lakini sasa alikuwa amesogea mpaka kwenye meza. Akainama sikioni mwa Sekela, mtoto akiwa katikati yao.

"Binti, niulizie," akasema. "Miaka sita nipo hapa. Mbona hawakusema?"

Sekela akamgeukia Mwasiti, akauliza kwa alama zake mbovu, mtoto kamshikilia kiunoni kwa mkono mmoja. Mwasiti akajibu. Jibu lilikuwa fupi. Sekela alilielewa mara ya kwanza, lakini akaomba alirudie, kwa sababu alitamani awe amekosea. Hakuwa amekosea. Na alijua kuwa jibu lile halikuwa la mganga peke yake.

"Anasema, tulisema," Sekela akamwambia. "Hamkututazama."

Yule mganga, namsifu, hakujitetea. Jumatatu alikata mwenyewe kadi za namba kwa mkasi, akatundika ubao dirishani. Muuguzi alikuwa wa kwanza kujiandikisha kujifunza alama, na akawapita wanachuo wote. Na kile kikundi? Kilifanya kikao cha kumi, pale pale penye tyubu na gololi, kando ya barabara. Wakamchagua Mwasiti awe mwenyekiti. Jambo la kwanza mwenyekiti alilofanya lilikuwa kuwataka wazivue zile fulana, wazigeuze ndani nje. Sekela alipewa kazi ya kubeba viti na kushika watoto wakati wa mikutano. Wanasema hajawahi kuonekana na furaha kama ile.

Sasa wapendwa, msinielewe vibaya. Simcheki Sekela. Mungu atupe Sekela mia. Alipita pale ambapo wengi walikuwa wanapita kila siku, na yeye akasimama. Alikosea jambo moja tu, nalo ndilo letu sisi. Sisi tuna kamati ya wahitaji hapa kanisani, wajumbe wanane, watu wema wote. Kuna mhitaji hata mmoja katika hao wanane? Tulipopanga Pasaka kuwapelekea wajane sukari, nani aliwauliza wajane kama wanataka sukari? Tunawahurumia watu, tunawaombea, tunawatungia nyimbo, tunawakalisha mbele na kuwapiga picha. Kuna siku tumewapisha meza?

Basi niseme ya kwangu, ili msidhani nawanyooshea kidole nikiwa nimesimama pembeni.

Kuna mama mmoja hukaa benchi la mwisho, karibu na dirisha. Nina miaka minne katika usharika huu, na kila Jumapili nimemwona. Haimbi. Nikisema kitu cha kuchekesha anacheka baada ya wengine. Moyoni nilisema huyu mama ana kiburi, au ana jambo na mimi. Miaka minne. Wiki mbili zilizopita nilimtembelea nyumbani kwa mara ya kwanza, na binti yake akanifungulia mlango, akaniambia, "Karibu, mchungaji. Mama hasikii, lakini hupenda sana kuja kanisani. Anasema anapenda kuwa mahali watu wanapomsifu Mungu, na midomo yako anaisoma vizuri, isipokuwa ukigeukia madhabahuni."

Ndugu zangu, nimemhubiria yule mama kisogo changu miaka minne, na yeye amekuwa akinivumilia na kurudi.

Leo hayuko benchi la mwisho. Yupo hapa mbele, kitenge cha bluu, na binti yake kando. Sikumwambia kwamba nitamsemea. Nilimwuliza angependa kufanya nini katika ibada hii, na akafikiri, akaniambia angependa kutuombea. Kwa hiyo mahubiri yangu yanaishia hapa, na sala ya kufunga ataiongoza yeye, kwa mikono yake.

Karibu, mama.

Na ninyi wengine, simameni tuombe. Nawasihi kitu kimoja tu. Msifumbe macho.